Amana Iliyofichwa Chumba cha Ndani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba kila mja kwa umbo alilolitaka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Baada ya hayo, wasomaji wapenzi, siku si nyingi zilizopita nilialikwa Nyamasaria, kiungani mwa mji wa Kisumu, pale barabara ya Nairobi inapoingia mjini ikitokea Ahero, ili nisimamie akidi ya nikahi. Bibi arusi ni mwenyeji wa huko ziwani na bwana arusi ni kijana wa Mombasa, ndiyo sababu tukasafiri watu wa Pwani kumsindikiza. Uhusiano wetu na ndugu zetu wa ziwani si wa jana. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, misafara ya wafanyabiashara Waislamu kutoka Pwani ilikuwa imekwisha kufika Mumias, katika zama za Nabongo Mumia, na dini ikakita mizizi huko. Basi tulipopokewa kwa uji na mahamri tulijiona tumefika kwetu.

Nikaomba maji ya kutawadha, nikaelekezwa nyuma ya nyumba. Njiani nikapita mlango uliotiwa komeo kwa upande wa nje. Ndani yake nikasikia sauti ya mtoto akitamka maneno mawili ya mwanzo ya adhana, akirudia na kurudia bila kuchoka. Nikamwuliza mama mwenye nyumba, "Ni nani huyu, mama?"

Akainamisha kichwa. "Ni mwanangu, sheikh. Mdogo wake bibi arusi. Ana miaka 12, lakini akili zake hazikukua kama za wenziwe. Tumeonelea akae humo mpaka wageni waondoke. Twaogopa wakwe wakimwona watasema ukoo wetu una kasoro, na posa ivunjike." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nami nina swali sijapata wa kumwuliza. Nikifa mimi, mtoto huyu atakuwa wa nani?"

Mama huyo ameniruhusu kuyaandika haya, nami nimeyaficha yale ambayo yangemtambulisha. Makala haya ni juhudi yangu ya kumjibu. Wala nisidhaniwe nawasema watu wa ziwani peke yao, kwani milango yenye komeo la nje nimeiona Mombasa, nimeiona Malindi, na nimeiona katika nyumba za watu wanaosali safu ya mbele.

Ulemavu usioonekana

Kisumu si mji mgeni kwa watu wenye ulemavu. Kibos, si mbali na Nyamasaria, ipo shule ya wasioona, na shule ya Joyland inajulikana kwa kuwasomesha watoto wenye ulemavu wa viungo. Sisi Waislamu nasi tangu zamani tumemheshimu asiyeona. Twakijua kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.), ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Suratu Abasa, kisha Mtume (S.A.W.) akamfanya mwadhini wake, na akamwachia Madina zaidi ya mara moja alipokuwa safarini.

Lakini mtoto mwenye ulemavu wa akili hana fimbo nyeupe wala mikongojo ya kuwatambulisha watu haja yake. Mtu humwona amekua kimwili, akamtaka afanye yale wayafanyayo wa rika lake, na asipoweza humwita mkaidi, au humwita mwenye shetani. Kumbe hali hizi zina majina na zina maelezo. Ipo hali ya Down, ambayo mtoto huzaliwa nayo kwa kuwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, jambo lililobainishwa na wanasayansi mwaka 1959. Upo usonji, ambao humfanya mtoto apate taabu katika mazungumzo na maingiliano na watu, na pengine asistahimili makelele au mabadiliko. Upo mtindio wa ubongo, ambao huathiri mwendo na matamshi, hata mtu akadhaniwa hana fahamu ilhali anafahamu kila neno.

Sababu ni nyingi. Mtoto aweza kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kupatwa na manjano kali katika siku zake za mwanzo, au homa ya uti wa mgongo. Kanda ya ziwa imesumbuliwa mno na malaria, na malaria ikipanda ubongoni huweza kumwachia mtoto kifafa na udhaifu wa akili hata baada ya kupona. Mara nyingine sababu haipatikani kabisa. Nawasihi akina baba waelewe hapo: hakuna katika haya lililo dhambi ya mama wala mkosi alioolewa nao. Mwanamume anayemwacha mkewe kwa sababu amezaa mtoto wa namna hii amemdhulumu mara mbili, yeye na mwanawe.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wenye ulemavu wa kila aina, kuanzia umri wa miaka 5, ni asilimia 2.2, yaani watu wapatao laki 9. Hiyo ni hesabu ya wale ambao jamaa zao walikubali kuwataja mbele ya karani.

Kuhusu majini, simkatazi mzazi kumsomea mwanawe Qur'ani. Qur'ani ni shifaa na ni utulivu wa nyoyo. Ninalolikataza ni kumfunga mtoto kamba, kumpiga ili "atoke" kilichomwingia, kumnywesha makombe na kuzitupa dawa zake za kifafa, na kumlipa mganga fedha ambazo zingempeleka hospitali. Elimu ya mambo haya haiko mbali nasi. Huko Kilifi watafiti wamewashughulikia watoto wa aina hii kwa miaka mingi, na miongoni mwao ni Profesa Amina Abubakar, mwanamke aliyeshiriki kutengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto kijulikanacho kwa jina la Kilifi, ili watoto wetu wapimwe kwa mambo wanayoyajua nyumbani kwao na si kwa michezo ya Ulaya.

Majina tunayowaita

Jambo la kwanza ambalo jamii yaweza kulifanya halihitaji fedha, nalo ni kuulinda ulimi. Punguani, taahira, zuzu, zezeta: maneno haya tumeyazoea hata twayatumia kwa mzaha mbele ya mama mwenye mtoto, kisha twashangaa haji tena arusini. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat amewakataza wanaume kuwadharau wanaume na wanawake kuwadharau wanawake, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau, na akakataza kuitana kwa majina mabaya. Tazama namna wanawake walivyotajwa peke yao katika aya hiyo, ilhali ingetosha kusema watu wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, nayo yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutotajwa kwa namna ya kumdhalilisha. Yaliyoandikwa Nairobi mwaka 2010 tulikuwa nayo msikitini kwa karne nyingi, na hatukuyafanyia kazi.

Mtu aliyetaka kufanya biashara

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini katika kisa kimoja, kwani ndicho msingi wa yote niyasemayo.

Imepokewa katika vitabu vya hadithi kwamba zama za Mtume (S.A.W.) alikuwapo mtu ambaye akili yake ilikuwa na udhaifu, na wanazuoni wengi wamemtaja kuwa ni Hibban bin Munqidh (R.A.). Alikuwa akipenda kuuza na kununua, lakini watu walikuwa wakimpunja. Jamaa zake wakamwendea Mtume wakamwomba amzuie asifanye biashara. Mtume akamwita, akamkataza. Yule mtu akajibu kwamba hawezi kustahimili kukaa bila ya biashara. Mtume hakumkemea, wala hakuwaambia jamaa zake wamfungie. Alimfundisha tamko fupi la kumwambia kila anayeuziana naye, lenye maana kwamba katika mapatano haya hapana hadaa. Na katika mapokezi mengine akampa hiari ya siku 3, akiridhika aichukue bidhaa, asiporidhika airudishe.

Tuzingatie. Jamaa zake walikuwa na nia njema. Walitaka kumhifadhi, na njia waliyoiona ni kumwondoa sokoni. Mtume aliwasikiliza wao, kisha akamsikiliza na yeye mwenyewe, na baada ya kumsikiliza akabadilisha hukumu. Alimbakisha sokoni, na mzigo akautia juu ya mabega ya soko: tangu siku hiyo ni wajibu wa kila muuzaji kumwogopa Mwenyezi Mungu asikiapo tamko lile.

Sisi tumefanya kinyume. Kila tuonapo kwamba madrasa ni ngumu kwa mtoto huyu, twamtoa madrasa. Tukiona arusi ina makelele, twamfungia ndani. Tukiona watu msikitini wanageuka kumtazama, twamwambia baba yake amwache nyumbani. Hatujiulizi hata mara moja ni jambo gani dogo tungelibadilisha katika madrasa, katika arusi na katika msikiti, ili naye awepo. Na twaiita kazi hiyo huruma.

Kipo kisa kingine katika Sahihi Muslim, kilichopokewa na Anas (R.A.). Mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume akamwita kwa kuniya, kama aitwavyo mwanamke mwenye heshima, akamwambia achague njia yoyote aitakayo, naye akasimama pamoja naye kando ya njia mpaka akamaliza haja yake. Hatukutajiwa alisema nini. Tumetajiwa tu kwamba Mtume, pamoja na shughuli zote za umma, alimpa wakati wake wote aliouhitaji. Je, ni nani kati yetu aliyemsikiliza mtu wa namna hiyo hadi mwisho wa maneno yake?

Kosa langu mwenyewe

Haingekuwa insafu kuwanyoshea wengine kidole nami nikajificha. Miaka zaidi ya 20 iliyopita, nikiwa mwalimu kijana wa madrasa, mama mmoja aliniletea binti yake mwenye hali ya Down. Nikamweka siku 3. Watoto wakamcheka, somo likavurugika, nami nikamwambia mama yake kwa sauti ya upole, "Mama, mtoto huyu kalamu imenyanyuliwa kwake, hana hesabu, mpumzishe nyumbani." Niliona nimempa bishara njema. Mama akamshika mwanawe mkono, akaondoka, na sikumwona tena.

Ni kweli kwamba hadithi yasema kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni yule asiye na akili mpaka akili imrudie. Lakini mimi niliitumia kumnyima haki. Kunyanyuliwa kalamu ni kuondolewa madhambi, si kuondolewa rehema ya Qur'ani wala kikao cha wenziwe. Mtoto wa miaka 5 naye kalamu imenyanyuliwa kwake, mbona hatumfukuzi madrasa? Binti yule alikuwa akijua kutoa salamu kwa kila aingiaye, na hilo peke yake lilikuwa somo kwa wenziwe. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na kama mama yake anayasoma haya, namwomba na yeye.

Tangu hapo nimejifunza, na niliyojifunza si mambo makubwa. Mtoto kama huyo apewe nafasi karibu na mwalimu, mbali na mlango wenye makelele. Afundishwe jambo moja kwa muda mrefu: herufi moja kwa wiki, au aya moja kwa mwezi, kwa kusikia na kurudia. Udhu afundishwe hatua kwa hatua, kwa picha zilizobandikwa penye bomba la maji. Mwanafunzi mkubwa mwenye tabia njema awe mwenziwe. Fimbo iondolewe kabisa. Asiyestahimili saa 2 aje nusu saa. Kipimo chake kiwe ni alipokuwa jana, kisiwe ni kijana aliyekwisha kuhifadhi juzuu 10.

Na msikitini, enyi maimamu wenzangu, twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akianza sala akiwa na nia ya kuirefusha, na akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuwa alijua uchungu wa mama yake. Hakumtoa mama msikitini; alipunguza kisomo. Mtoto mwenye usonji akitoa sauti katikati ya sala, hilo halibatilishi sala ya mtu. Lakini jicho la ukali analotupiwa baba yake baada ya salamu laweza kumzuia asirudi mwaka mzima.

Mama asiachwe peke yake

Wanaobeba mzigo huu aghalabu ni akina mama. Mama mwenye mtoto asiyejiweza hulala kwa vipande, hula amesimama, hakai darsani, hazuru wagonjwa, na akifiwa hukosa wa kumwachia mtoto ili aende matangani. Basi enyi akina mama wa mtaa, mnaposhauriana kuhusu chama chenu cha kusaidiana, ulizeni ni nani hayupo na kwa nini hayupo. Wanawake wanne wakipokezana, kila mmoja jioni moja kwa wiki, kukaa na mtoto huyo saa 2, mama yake atapumzika siku 4. Hilo ni sadaka isiyopungua thamani kuliko sahani ya futari.

Wazazi wenyewe nao washikane mikono. Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilianzishwa jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili na jamaa zao, ijulikanayo kwa herufi ZAPDD, nayo ikashirikiana na Wizara ya Elimu hata watoto waliokuwa wakikaa nyumbani wakaanza kupokewa katika skuli za kawaida za mitaani mwao. Hao ni Waislamu kama sisi, wa visiwa vya bahari ile ile. Na mwezi Machi 2019, mji wa Abu Dhabi uliwapokea wanamichezo zaidi ya 7,000 wenye ulemavu wa akili katika mashindano ya dunia ya Special Olympics, na Wakenya walikuwamo. Wengi wao waliwahi kusemwa kwamba hawawezi kitu.

Zipo pia haki za kiserikali ambazo familia nyingi hazizifuatilii, ama kwa kutojua ama kwa aibu. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Mzazi aulize katika ofisi ya elimu ya eneo lake, na asingoje mtoto afike miaka 7. Mtaala wa sasa una njia ya kujifunza kwa hatua, kwa wale wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, inayomfikisha mtoto kwenye kazi za mikono. Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu huwaandikisha na kuwapa kadi. Katika mpango wa Inua Jamii, familia inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa ikikubaliwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Bunge nalo limetunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Kuomba haki hizi si kumshitakia Mola riziki. Khalifa al-Walid bin Abdul Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715 kwa hesabu ya Miladi, aliwawekea wasiojiweza posho katika hazina ya Waislamu, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila asiyeona mtu wa kumwongoza.

Nikifa, nani?

Sasa nalirudia swali la mama wa Nyamasaria.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili ni mrithi kamili. Fungu lake halipunguzwi hata chembe kwa udhaifu wake, wala ndugu hawana ruhusa ya kusema, "Huyu atazifanyia nini fedha?" Katika Suratun Nisaa tumekatazwa kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, lakini papo hapo tumeamrishwa tuwalishe na tuwavishe kutokana nayo, na tuseme nao maneno mema. Katika aya ndefu ya deni, mwishoni mwa Suratul Baqara, asiyeweza kuandikisha deni mwenyewe huandikishiwa na msimamizi wake, kwa sharti la uadilifu. Kwa hiyo msimamizi ni mlinzi wa amana. Mali si yake.

Basi mzazi asingoje kitanda cha mauti. Amteue akiwa hai mtu mwaminifu wa kumsimamia mwanawe, amwite, amwulize kama anakubali, na aandike mbele ya mashahidi. Wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenziwe wakiridhia, lakini wanazuoni wameruhusu mzazi ampe mtoto wake zawadi zaidi ya wenziwe akiwa hai, pakiwa na haja ya kweli kama udhaifu. Aweza pia kuweka nyumba au duka wakfu, mapato yake yamtunze mtoto huyo, na baada yake yaende kwa masikini. Mambo ya mirathi yapelekwe kwa Kadhi, ambaye mahakama yake imetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, na Kisumu ipo kama ilivyo Mombasa.

Nalazimika kuongeza neno zito kuhusu mabinti. Msichana asiyeweza kupambanua huwindwa na wabaya, na mara nyingi ni watu wa karibu. Wako wazazi wanaodhani dawa ni kumwoza kwa yeyote, na wako wazee wanaolimaliza jambo la kunajisiwa kwake kwa maslaha ya mbuzi na fedha. Haya ni hadaa ile ile ambayo Mtume aliizuia, bali ni mbaya zaidi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haimhesabu kuwa ameridhia mtu asiyeweza kufahamu anachofanyiwa. Lipelekwe hospitali na polisi siku hiyo hiyo, na sheikh yeyote atakayeitwa kusimamia maslaha ya namna hiyo asiende.

Ama dada na kaka za mtoto huyo, wasirithishwe aibu. Wafundishwe kumlisha, kumtuliza, kutembea naye mtaani bila ya kuona haya. Mtoto aliyezoeleka mtaani, ambaye mwenye duka anamjua na mwendesha tuktuk anaijua nyumba yake, ana walinzi wengi. Aliyefichwa ana mlinzi mmoja tu, na siku mlinzi huyo akifa hata jirani hatajua kwamba yupo.

Akidi ya Nyamasaria

Huenda mkauliza arusi ile iliishaje. Baada ya kutawadha nilimwendea baba yake nikamwambia, "Bwana, mimi siwezi kusoma khutba ya nikahi juu ya mlango uliofungwa. Mtoe mwanao." Alisita kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaondoa komeo, akamvisha kanzu ya kaka yake iliyomzidi urefu, akamketisha kando yangu.

Ami yake bwana arusi akaniinamia, akanong'ona kama ukoo huu una maradhi. Kabla sijajibu, bwana arusi mwenyewe akasema, "Ami, mimi namjua. Bibi arusi aliniambia tangu siku ya kwanza." Wazee wa pande mbili walikuwa wakifichana jambo ambalo vijana walikwisha kuambiana na kulikubali.

Akidi ikasomwa. Wanawake walipopiga vigelegele mtoto akaziba masikio, akaanza kulia. Binamu yake akamtoa nje hadi chini ya mwembe, na kelele zilipopungua akamrudisha, akala pilau yake kama wageni wengine. Mama yake, niliambiwa, aliketi chini pamoja na wanawake wenziwe, akala mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka nilizungumza na mwalimu wa madrasa ya hapo, naye akakubali kumpokea mtoto jioni mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa kuanzia.

Mama, uliniuliza atakuwa wa nani. Kwanza ni wa Mola wake. Kisha ni wetu, na dhamana hiyo tutaulizwa sote: mimi niliyemfukuza mmoja, mwalimu aliyempokea mwingine, jirani, muuza duka, na kila asomaye makala haya. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba riziki na nusura twavipata kwa ajili ya wanyonge wetu. Basi tuwatoe vyumbani, kabla hatujaulizwa kwa nini baraka imepungua majumbani mwetu.

Ewe Mola, wape subira na msaada wazazi wa watoto hawa, tupe macho ya kuwaona, na utujaalie tuwe watu wasiomfungia mlango mja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.